Folda Yako Ilikuwa Tupu

Baba Neema, mwalimu wangu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini miaka sita nimeingia dukani kwako na neno hilo. Sijui kuanza kwa lingine.

Huku Babati mvua zimechelewa. Duka letu la stesheneri lipo palepale karibu na stendi, ila Mama Neema amekonda sana. Siku ya kuanua matanga kule Sigino wazee waligawa vitu vyako kama ilivyo desturi. Koti lilienda kwa mdogo wako, plau kwa shemeji yako, na ile kompyuta ya zamani wakasema abaki nayo mwanafunzi wake. Nililia mbele za watu bila aibu.

Sasa nisikilize, maana nina jambo la kukiri.

Mashine ilianza kukwama, nikaamua kuweka upya Linux, ule mfumo unaoiendesha. Si kwamba hukunifundisha. Ulinichorea folda zake nyuma ya boksi la karatasi: /bin na /sbin ni za mfumo wenyewe, za kuuwasha na kuutengeneza. /usr/bin ni programu zinazokuja na mfumo. /usr/local/bin ni zile tulizotengeneza sisi, ili kila anayetumia mashine azikute. Na folda ya nyumbani ya mtu ni yake peke yake. Ukasema, "Mama Sauda, usichanganye. Mfumo ukisasishwa hauingii kwenye local. Cha kwetu kinabaki."

Nikanakili folda yako ya nyumbani kwenye flashi, taratibu, kama mtu aliyebeba mayai. Halafu nikafuta diski nzima. Kusasisha ni kitu kimoja na kufuta diski ni kingine, hilo nalijua, mtu mzima mimi. Ila kichwani nilikuwa na wazo moja tu, kwamba vitu vya mtu hukaa kwake.

Nilipoifungua ile folda nikakuta picha mbili za Neema na sare ya shule, na barua ya kuomba kuunganishiwa umeme. Basi. Ile programu ya ripoti, uliyohangaika nayo miaka mitatu ili walimu wa shule ya Mutuka waingize maksi na kila mtoto apate karatasi yake, haikuwemo. Kwa mtoto wa mwisho darasani iliandika, "Tunakusubiri, usichoke," na ulikataa katakata niyaondoe maneno hayo. Ilikuwa kwenye /usr/local/bin, na hiyo niliifuta pamoja na diski. Kila ulichotengeneza ulikiweka humo kwa ajili yetu, na kwako hukujiwekea kitu. Nilikaa sakafuni, Baba Neema.

Nimetafuta nakala kila mahali. Fundi mmoja wa hapa mjini alijaribu kuifufua, akashindwa, kwa sababu nilishaweka mfumo mpya juu yake. Maji yakimwagika hayazoleki. Wiki iliyopita mwalimu alikuja na madaftari ya maksi, nikamdanganya kwamba wino umekwisha. Mimi, ambaye ulinigombeza kwa kumwambia mteja "kesho" bila sababu!

Na Mama Neema amepiga simu. "Mama Sauda, Jumamosi nakuja na Neema. Nataka aione kazi ya baba yake, aibonyeze kwa mkono wake mwenyewe." Nikamjibu karibuni sana. Mdomo wangu huu.

Naogopa macho ya yule mtoto kuliko ninavyoogopa kufukuzwa na ukoo wako wote.

Pumzika, mwalimu. Nisamehe ukiweza. Ninachokuahidi ni kwamba sitaingoja hiyo Jumamosi. Kesho asubuhi napanda bodaboda hadi Sigino, nimwambie mkeo kabla hajamsuka mtoto nywele za safari. Programu nitaiandika upya, hata ikinichukua miaka mitatu kama wewe. Lakini hiyo itakuwa kazi yangu. Yako haipo tena, na Neema atalisikia hilo kutoka kwangu, niliyeifuta.

Mwanafunzi wako,
Mama Sauda