Kura na Kuku Bungoma

Mpenzi Nyambura,

Salamu kutoka Bungoma, ambako matope yamenifika magotini na aibu imenifika shingoni.

Binamu yetu Kamau alikuja mashindano ya pikipiki kama dereva wa akiba. Asubuhi dereva mmoja aliteguka mkono, na mwenye kipaza sauti akatangaza, "Madereva wa akiba, njooni kwenye kura!" Nikamweleza Kamau, kwa elimu yangu yote, kwamba watu wa huku hubadilisha l na r. "Anamaanisha kula. Enda haraka kabla kuku iishe."

Kumbe mtangazaji ni mwalimu wa Kiswahili. Kura ilikuwa kura, ya kumpata wa kushika nafasi ya aliyeumia, na nafasi ikaenda kwa mwingine.

"Si ati wewe ndio umesoma?" Kamau aliniuliza, paja la kuku mkononi. Nilitamani kulia.

Yule mwingine alizama matopeni kona ya kwanza, akakataa kurudi mashindanoni. Pikipiki ilipokwamuliwa, waandaaji wakampa Kamau mbio za pili. Alimaliza wa mwisho, ameshiba, akipungia watu mkono kama mshindi.

Nimekukumbuka sana. Mama akiuliza, mwambie nilimshauri Kamau vizuri.

Wako,
Wairimu