Mkeka wa Darasa la Sita

Bwiza, Bujumbura, Oktoba 1995

Kwako Dada Saliha, huko Kigoma,

Amani ya Mungu ikufikie wewe, shemeji na watoto. Natumaini homa imekuacha. Mi ni mzima, na uzuri wangu unaongezeka, uliza mtaa mzima. Mama anakusalimu, anakohoa kidogo tu.

Habari kubwa ni kwamba mdogo wako ni mwalimu. Usicheke. Mwalimu Valéry wa darasa la sita hafiki tena tangu njia ya Cibitoke ifungwe, na madawati yaliibwa yote. Wazazi wakaona watoto watabaki barabarani, na barabarani siku hizi risasi haichagui. Wakatafuta mtu aliyehitimu msahafu kwa Shehe Huseni. Wangempata nani zaidi yangu?

Nikatandika mikeka, nikafundisha hesabu kama tulivyosoma chuoni kwa Shehe: adabu kwanza, somo baadaye. Viatu mlangoni. Tunakaa duara, hakuna anayesogea mbele mpaka nimemsikiliza mwenyewe. Asiyejua anasema sijui, anainuka, anakaa karibu na anayejua. Hapigwi, hachekwi. Waislamu na Wakristo wote wameizoea, na kelele zimekwisha. Hata Valéry hakuliweza hilo.

Jumatatu akaja mkaguzi, Bwana Astère wa Ngagara. Akaingia na viatu vyake, akauliza kama hapa ni shule au ni matanga. Akasema asiporidhika atalifunga darasa siku ileile. Kisha akaandika ubaoni robo tatu kutoa theluthi moja, akanipa chaki mimi.

Dada, ulimi wangu unaujua. Ningeweza kumzungusha mpaka adhuhuri. Lakini watoto wote walikuwa wananitazama, na sheria ni yangu. Nikasema sijui.

Christa, mtoto wa jirani yetu Médiatrice, alifundishwa hesabu hizo na Valéry. Akasogea kidogo, akapiga mkeka kwa kiganja.

"Mwalimu, njoo ukae hapa."

Nikakaa. Akanieleza polepole, kama mimi ninavyowaeleza wao. Hakuna mtoto aliyecheka. Nikarudi ubaoni, nikapata tano juu ya kumi na mbili. Astère akaomba kuona diploma yangu.

Hapo ndipo ninapokuomba radhi. Ile diploma unayowasimulia wakwe zako haipo. Darasa la sita sikulimaliza. Nilikuandikia vile ili wakuheshimu. Nilimwambia Astère ukweli, na sasa nakwambia wewe.

Nilidhani atanifukuza. Akasema darasa libaki mpaka Pasaka, na kila Alhamisi atakuja kunisomesha mwenyewe, nami sitavuka somo kabla hajanisikiliza. Alhamisi ya kwanza ilikuwa jana. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Soksi imetoboka, lakini adabu ni adabu, sikusema kitu.

Wasalimie wakwe zako, na ukiweza waambie. Wabusu watoto kwa niaba yangu.

Mdogo wako mpenzi,
Tajudini,
mwalimu wa darasa la sita, na mwanafunzi wake