Akae kwanza ku benchi ile

Mama Riziki,

Mujukuu wetu Neema iko docta sasa. Koti yake nyeupe inaning'inia hapa ku musumari, na wagonjwa wanatoka mupaka Walikale, wanapanda milima yetu ya Masisi kutafuta mukono wake. Kila muntu wa kilima hiki anajua, maana mimi njo nilimwambia kila muntu.

Ni uongo. Hata huko uliko najua umekwisha kunikunjia uso. Koti haiko. Musumari iko.

Kweli ni hii. Mutoto alimaliza sekondari vizuri, akaomba fakulte mbili za medsini, moja ya upande wa Bukavu, ingine ya Kisangani. Wenzake walikwisha kujibiwa, masomo iko karibu kuanza, yeye bado hana jibu. Kila asubui anapanda kule juu kwa ng'ombe za Papa Bahati, maana kule njo telefone inakamata rezo, na mesaji zinaingia. Anarudi na tope ku miguu, anachukua jembe, anaingia mu maharagi. Nikimuangalia sana, mimi babu yake, anasema, "Koko, ng'ombe wanakusalimia."

Na mimi mupumbavu, siku ile alituma maombi nilifukia mu shimo ndizi za kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Nilisema zikiiva, jibu itakuwa imefika. Ndizi haingojaki fakulte. Ziliiva, nikakamua, pombe ikawa tayari, na hakuna kitu ya kushangilia. Nilikunywa pole pole, kwa uchungu. Papa Bahati akanisaidia uchungu.

Unajua kwa nini ninangoja kuliko mutoto mwenyewe. Ni kwa ajili ya docta ule wa lopitali ya kule chini. Tulikushusha ku chipoyi, machela yetu ya miti, mu mvua, mimi nikishika mbele. Ukakaa ku benchi ya mbao toka asubui mupaka jioni mbuzi zikarudi. Yeye akasimama mu mulango, mikono mu mifuko, hakukugusa hata kidole. "Mama, ni uzee tu. Murudi nyumbani." Na wewe ukamwambia aksanti.

Aksanti, Mama Riziki. Ile aksanti inaniuma kuliko kaburi yako. Uzee gani unamaliza muntu kabla maharagi alipanda mwenyewe haijatoa maua?

Basi nilipanga vizuri. Neema atakalia kiti ya docta ule. Ule bwana atazeeka, meno itaanguka, kifua itamukaba, atakuja na fimbo yake. Neema atasimama mu mulango, mikono mu mifuko: "Papa, ni uzee tu." Na mimi nitakuwa pale pembeni nikitafuna muhindi ya kuchoma. Kama nimekwisha kufa, tutakuja wote wawili kuangalia.

Juzi, tukimenya mihogo, nilimufundisha maneno hayo. Akaweka kisu chini.

"Koko, mimi nitamupima."

"Ule?"

"Ule. Nitamuvua shati, nitasikiliza kifua yake."

"Nani alikufundisha ujinga huu?"

"Koko mama."

Umeona? Umelala chini ya udongo na bado unaharibu mipango yangu. Nilikukasirikia, nikaacha majani iote ku kaburi yako. Kisha nikaing'oa, maana ilikuwa inakufanya uonekane kama muke wa muntu mubaya.

Sawa, amupime. Jibu ya fakulte sikuombi wewe, hiyo ni ya Mungu na maprofesa wake. Ikikuja, nakuahidi nitafukia ndizi zingine, na kikombe ya kwanza nitamwaga ku kaburi yako kabla Papa Bahati hajafika.

Lakini unakumbuka njia ya chipoyi? Ulikuwa unatetemeka na bado unanicheka: "Papa Riziki, unatembea kama bata. Nikipona, na mimi nitakubeba." Haukupona, haukunibeba. Sikuombi unibebe sasa. Ingia tu mara moja mu ndoto ya mutoto huyu, umwambie: amupime, sawa, amupe dawa, sawa. Lakini kwanza ule bwana akae ku benchi ile, mupaka mbuzi zirudi.

Lala vizuri, mama.

Bata yako