Duara za Chaki Tumboni mwa Meli

Jumatatu, 4 Machi
Mtoto ametafuna chaki ya baba yake sasa hivi. Mdomo mweupe pee! Nikamnyang'anya. Baba yake akasema mwachie tu, haina kazi tena. Kwa sauti ile, nikajua kuna jambo.

Kisa ni hiki. Yeye ni fundi wa kuchomelea kwenye ile meli kuukuu ya vita, siku hizi ya kufundishia makuruti. Wiki tatu anagonga mabamba ya tumboni kwa nyundo, anasikiliza. Palipolia kama debe pamekonda, anazungushia chaki, aje aweke bamba jipya. Jumamosi wapaka rangi wakaambiwa mkubwa anakuja kukagua. Wamepaka kila kitu! Duara zote zimefunikwa. Meli inang'aa kama bibi harusi. Na safari ni Alhamisi.

Jumanne, 5 Machi
Baba mkwe kamcheka. Yeye alikuwa mpiga mzinga humo enzi za vita. "Makombora mawili yaliipiga haikuzama. Leo izamishwe na kutu? Vijana wa siku hizi mayai!" Siku hizi mizinga imezibwa saruji, ghala la risasi ni darasa, makuruti wanafundishwa kufunga kamba.

Mume wangu akasema, baba, nyinyi mliyapata mabamba yana unene wa kidole. Mahali pengine sasa ni ukucha.

Mzee akaomba maji.

Jumatano, 6 Machi
Mume wangu kaenda kwa nahodha. Kajibiwa: fundi, kama unaogopa maji shuka, safari haiahirishwi. Nikamwambia basi shuka! Akasema makuruti ni sitini, na yeye akishuka nani atajua pa kugonga?

Nimemfulia ovaroli. Atarudi. Meli imezoea kurudi.

Alhamisi, 7 Machi
Imeng'oa nanga saa mbili asubuhi, kwa bendi. Sikumwona juu — alikuwa chini na nyundo yake. Baba mkwe alipiga saluti mpaka ikapotea.

Tangu saa saba redio inaongea chumbani kwake. Mlango kaufunga, na si kawaida yake. Nimedhani nimesikia "meli"; labda ni mpira tu.

Mtoto amelala. Naandika ya kumwambia baba yake akirudi: jino la pili limechomoza. Amesimama peke yake, akapiga hatua moja, akakaa pwaa! Na kwamba nilikasirika jana kwa sababu

Baba mkwe ananiita. Si ile "we mama mtoto, chai!" ya kila siku. Anasema polepole, mwanangu, acha hiyo kalamu, njoo ukae