Tatu Hajui Kuogelea

Somo,

Shikamoo. Najua salamu hii haina pa kufikia, lakini tangu mama aniite kwa jina lako sijawahi kukusemesha bila shikamoo, na kwa ukubwa huu siwezi kujifunza njia nyingine.

Mwani umekufa. Presha ilipokuchukua, mwani ulikuwa umeanza kupauka kwenye ncha tu, nawe ulikuwa ukisema ni joto la kaskazi, litapita. Halikupita. Maji ya hapa karibu yamekuwa ya moto kama ya kumkandia mzazi. Kila kamba ya shamba tunayoinua, mwani unakatika mkononi, mweupe, laini kama ute. Bwana samaki, yule ofisa wa uvuvi, akatuambia kwamba nje ya mwamba, kwenye kina, bado unaota. Kikundi chetu cha wakulima wa mwani kikakutana kuamua kama tuhame.

Wakasema kikao niendeshe mimi, kwa kuwa ni somo yako. Nimerithi jina, Somo. Ulimi sikurithi.

Niliwakalisha duara mikekani, asiwepo wa mbele wala wa nyuma. Nikawaambia kwanza tunyamaze, kila mtu akae na lake moyoni, kisha amnong'oneze jirani yake, kisha wawili wakutane na wawili. Mwishoni kila mtu aseme la mwenzake, si lake, na mwenyekiti aseme baada ya wote. Kama ulivyokuwa ukifanya wewe. Ulikuwa ukisema nusu ya utaratibu huu uliupata semina Pangani na nusu unyagoni, halafu unacheka peke yako.

Kimya chenyewe hakikufika mbali. Bi Salama, mwenyekiti wetu, alikohoa akasema watoto wana njaa, hatukuja kunong'onezana, anayetaka kuhama anyooshe mkono. Wewe ungemtazama tu. Mimi niliutazama mkeka. Mikono ikapanda yote. Mkono wa Tatu ulipanda mwisho, taratibu.

Tatu, yule Mdigo mwembamba, anayesema kama anaomba radhi. Ulikuwa ukimkalisha na mtu mpole kila kikao. Unakumbuka alivyonong'ona kwamba tuzigeuze chanja za kuanikia zielekee upepo? Jirani yake akatufikishia, tukazigeuza, mwani ukakauka kabla ya mvua. Siku ile ulimpa sahani yako ya wali.

Bamvua ilipofika, maji yakakupwa mpaka mwambani, tulitoka. Maji yalikuwa kifuani tukiwa bado tunapigilia vigingi, kisha yakaanza kujaa. Bahari ikamzoa Tatu. Hakupiga kelele. Hata pale, Somo, hakupiga kelele. Bi Salama ndiye aliyeuona ushungi wake ukielea, akamfuata, akamshika, na mawimbi yakawabamiza wote wawili kwenye mwamba mpaka wavuvi wakawafikia. Tatu alipona. Bi Salama alivunjika mkono.

Kikao kilichofuata kilikuwa ukumbini kwa Bi Salama, mkono umefungwa hogo la plasta. Safari hii yeye mwenyewe aliniambia, "Fanya kama Somo yako." Nikafanya. Tulinyamaza mpaka tukawa tunasikia kuku wa jirani wakiparura. Kisha wakanong'ona. Tatu alikuwa amekaa na Bi Salama.

Zamu ilipomfikia, Bi Salama aliliangalia hogo lake. "La mwenzangu ni kwamba hajui kuogelea," akasema. Akaongeza, "Na mimi sijui."

Mwingine akasema la mwenzake lilikuwa hilo hilo. Na mwingine. Karibu duara zima. Wanawake wa pwani, tumezaliwa na chumvi mwilini, na hakuna aliyewahi kulitamka.

Nilidhani hilo likishasemwa, na uamuzi utafunguka. Badala yake wote walinigeukia, wakingoja. Mmoja alitaka tuombe boti, mwingine tuache mwani tulime ufuta, mwingine alikuwa analia tu. Hapa karibu mwani hauoti, kule mbali ndiko tutakakofia. Tukaagana bila kuamua kitu. Ulinifundisha namna ya kuwafanya watu waseme, Somo, lakini wakishasema, nifanye nini? Jana nilishika simu nikupigie. Nilishabonyeza jina lako ndipo nikakumbuka.

Leo asubuhi baadhi ya wenzetu wamekwenda tena kule kule kwenye kina. Hawakuniuliza. Walifungana viunoni kwa kamba za mwani, wawili wawili, Tatu akiwa mmoja wao. Nilishika ncha ya kamba ndefu iliyowaunga wote, nikasimama mwambani, pale maji yanaponifika magotini, mpaka wakarudi.

Wamerudi wote. Bamvua nyingine inakuja, na bado hatujaamua.

Hili nakuahidi: kabla haijafika nitawakalisha tena duara, nitawauliza, na nitanyamaza mpaka wa mwisho aseme, hata kama sote hatuna jibu.

Pumzika, Somo. Mungu akupe kauli thabiti, wewe uliyewapa wengi kauli.

Somo yako,
Mwanaidi mdogo