Masikio ya Tambi

Jumamosi, Arlington, Marekani

Itangazwe rasmi: leo utamaduni wa Italia umeokolewa, jikoni, mbele ya kamera ya simu. Mimi niliushikia taa.

Bibi Rosa, mzee ninayemtunza, amenifundisha kwa miaka mitatu tambi za kijijini kwao. Unabonyeza kipande cha unga uliokandwa kwa kidole gumba, unakivuta, unakigeuza, kinakuwa sikio dogo. Vidole vyake sasa vinatetemeka. Leo mwanawe Franco alikuja na bintiye kurekodi, eti kabla urithi haujapotea.

"Muulizeni Chebet," bibi akasema. "Yeye ndiye anayejua."

Nikanawa mikono. Franco akacheka kwa aibu. "Pole dada, tunataka mikono ya familia."

Basi mikono ya familia, yenye kucha za bandia, ikaurarua unga kama karatasi. Nyuma ya taa nikamnong'oneza binti, "Vuta kuelekea kwako, mpenzi. Taratibu." Bibi akafumba macho. Mwishowe wakapanga sinia la masikio yangu ya jana, wakayapiga picha, wakaondoka wamefurahi.

Nimeendesha gari hadi nyumbani nikitunga hotuba nzima. Watu gani hawa, wasiomuuliza mama yao chochote akiwa hai...

Mama yangu alisugua kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya mgando, kwa mkaa wa mti mmoja tu. Sijui ni mti gani. Sikuwahi kumuuliza, na sasa ni marehemu.