Moto Usioonekana

Jumanne, Kwa Mathias

Leo nilikuwa na haki, na bado nimeshindwa.

Mvua ya usiku ililowesha mkaa wa Mama Zawadi, jirani yangu muuza chapati. Akamimina kitakasa mikono kwenye jiko, akawasha. Juani moto wa spiriti iliyomo hauonekani vizuri, naye akadhani umezimika. Alikuwa ameshainamisha chupa aongeze, mjukuu wake mgongoni, nilipompokonya.

"Mwalimu vipi, umechanganyikiwa? Jiko limezima hilo!"

Nikatupia kipande cha gazeti. Kikawaka papo hapo. Nikaanza kufoka: moto ungepanda hadi ndani ya chupa, ungemlipukia mkononi, na mtoto je...

"Unanifokea nini? Si wewe juzi ulisimama hapa ukasema hii ni spiriti, inawaka kuliko mafuta ya taa? Wateja wote walikusikia."

Nilisema. Nilikuwa nabishana na fundi baiskeli, mteja wake mmoja, nikataka aone nimesoma. Hatari yake sikuitaja, kwa sababu hakuna aliyenibishia kuhusu hatari.

Mtoto yule ana miezi minane. Kesho nitamwomba bibi yake radhi, wateja wakiwepo, fundi baiskeli akiwepo. Nalichukia jambo hilo. Nitakwenda.